Mteule Akisema Hapana

Kengele ya adhuhuri imelia katika bonde la Rivendell na baraza zima limenyamaza. Waliokaa ni watu wazito: wapiganaji, warithi wa falme, wajuzi wa elimu za kale, na mchawi aliyeizunguka dunia karne kwa karne. Wote wameinamisha macho. Wamekwisha kukubaliana kwamba Pete ya Sauron haifichiki, haitumiki kwa wema, na haiharibiki ila ikitupwa katika moto wa mlima ilimofuliwa, ndani kabisa ya nchi ya adui. Limebaki moja tu: nani ataipeleka. Anayejibu ni Frodo Baggins, mwenye kimo cha mtoto, aliyetimiza miaka 50 mwezi uliopita na ambaye karibu miaka yake yote imepita kati ya bustani, vitabu na chakula kizuri. Anasema ataipeleka yeye, ila njia haijui. Sauti inamtoka kwa shida, utadhani ni ya mtu mwingine.

Hapo Elrond, mwenyeji wa baraza, anafanya jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Hamshangilii Frodo. Anasema mzigo huu ni mzito kiasi kwamba hakuna mwenye haki ya kumtwika mwenzake, na yeye hamtwiki. Lakini Frodo akiubeba kwa hiari yake, atakuwa amechagua sawa.

J.R.R. Tolkien alichapisha The Lord of the Rings kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955, na tangu hapo hadithi za fantasia zimejaa watu wa namna ya Frodo: walioteuliwa bila kuomba, wanaotamani wangeachwa nyumbani. Waandishi hujiuliza nini kimtoe mtu kama huyo mlangoni, na wengi hulichukua swali hilo kama la ufundi. Kumbe ni swali la maadili, na la imani, kabla ya kuwa la ufundi. Nani ana haki ya kumtuma asiyetaka? Na amwambie nini?

Njia iliyozoeleka ni kumchomea nyumba.

Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, mzee Obi-Wan Kenobi anamwomba kijana Luke Skywalker waondoke pamoja. Luke anakataa, kwa kuwa kuna kazi shambani. Anaporudi anakuta nyumba inafuka moshi, na Owen na Beru waliomlea wameteketea. Hana tena cha kumzuia, anaondoka. Mwanazuoni wa Marekani, Joseph Campbell, alikuwa ameshaipa hatua hiyo nafasi yake katika kitabu cha mwaka 1949, The Hero with a Thousand Faces, alipoeleza kuwa shujaa wa visasili huitwa na mara nyingi kwanza hukataa. George Lucas, aliyeitengeneza filamu, amekiri kuwa kitabu hicho kilimsaidia. Baada ya hapo nyumba nyingi mno zimechomwa.

Njia hii ina mvuto wake, na Star Wars ni kazi nzuri. Lakini haimshawishi mtu. Inamwondolea tu sababu za kubaki. Hapana ya Luke ilikuwa na hoja ndani yake: kuna watu waliomlea na wanaomtegemea. Hoja hiyo haikujibiwa. Waliohusika nayo waliuawa, basi. Msomaji anayejali haki anapaswa kukereka kidogo hapo, kwa sababu mwandishi ametumia jeuri mahali palipohitaji maneno.

Na jeuri, hata ikifaulu, hufaulu nusu. Aliyeonyesha hilo kwa ukali kuliko wote ni mwandishi wa Kitabu cha Yona. Yona anaambiwa aende Ninawi. Anashuka Yafa na kupanda merikebu ya kwenda Tarshishi, upande mwingine kabisa. Tufani inamkamata, samaki anammeza, siku ya tatu anatapikwa pwani. Safari hii anakwenda. Anahubiri, mji unatubu, kazi imekwisha. Lakini sura ya mwisho inamkuta amekaa nje ya mji, amenuna, anaomba afe kuliko kuona Ninawi imesamehewa. Samaki aliileta miguu ya Yona, moyo ukabaki Tarshishi. Kitabu kinaisha Mungu akiwa bado anamuuliza swali, kuhusu mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, na jibu la Yona halikuandikwa. Yaani baada ya nguvu zote zile, kazi ya kumshawishi ndiyo kwanza imeanza. Wahenga wa Kiswahili walilisema kwa maneno matatu: hiari yashinda utumwa.

Njia ya pili iliyozoeleka ni kilemba cha ukoka. Shujaa anasema hawezi, naye anaambiwa anaweza sana, ila hajajijua: ana damu ya kifalme, ana nyota, ana kipaji kilichofichika. Anavimba kichwa, anakwenda. Hapa inafaa kutazama maandiko matakatifu, ambayo waumini hawayasomi kama hadithi za kubuni, wala makala haya hayayaweki katika kundi hilo. Yanatazamwa kwa sababu yanaeleza kwa undani, kuliko riwaya nyingi, namna mtu anayesita anavyosemeshwa.

Katika Kitabu cha Kutoka, Musa anachunga kondoo wa mkwewe Yethro. Ni mkimbizi, huko Misri aliua mtu. Anapotumwa kwa Farao anatoa udhuru mara tano. Wa kwanza ndio mkubwa kuliko yote: mimi ni nani hata niende? Mwandishi wa leo angemjibu hapo hapo kwa sifa. Musa alilelewa katika nyumba ya Farao, anaijua lugha ya ikulu, ana uchungu na ndugu zake. Sifa za kumpa zipo. Hakupewa hata moja. Anaambiwa tu kwamba hatakuwa peke yake. Swali lilikuwa juu yake, jibu likawa juu ya yule atakayekuwa naye. Tena ishara anayoahidiwa ni ya ajabu, maana itakuja baada ya kazi: akishawatoa watu, wataabudu juu ya mlima huo huo aliosimama. Haimwondolei hofu ya leo.

Udhuru mwingine unafuata. Wakiniuliza jina lako? Anapewa jina. Wasiponiamini? Anapewa fimbo igeukayo nyoka. Mimi ni mzito wa kusema. Anakumbushwa ni nani aliyeumba kinywa. Mwishowe, hoja zikiwa zimemwishia, anasema waziwazi: mtume mtu mwingine. Hasira ya Mungu inawaka, na bado jibu la hasira hiyo si pigo. Ni ndugu. Anaambiwa Haruni ni msemaji mzuri, na tazama, yuko njiani tayari anakuja kukulaki, naye akikuona atafurahi. Msaada ulikuwa umeshaanza safari kabla Musa hajakubali.

Katika Qurani Tukufu, ndani ya Sura Taha, Nabii Musa mwenyewe ndiye anayeomba: akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi, afunguliwe fundo la ulimi, na apewe nduguye Harun awe msaidizi wake. Anajibiwa kuwa amepewa aliyoyaomba. Katika Sura Al-Qasas anataja hofu yake kwa jina: nimeua mtu kwao, nachelea wasije wakaniua. Kusita kwake hakuhesabiwi kuwa aibu. Kunageuka dua, na kila neno la dua hiyo linataja upungufu halisi unaohitaji kuzibwa.

Liko tukio jingine ambalo Waislamu wa pwani na bara hulisikia tangu chuoni. Mtume Muhammad (S.A.W.) anashuka kutoka pango la Hira baada ya wahyi wa kwanza, moyo unamdunda, anamwambia mkewe amfunike. Bibi Khadija anamtuliza, na maneno yake, kama yalivyopokewa katika hadithi ya Bukhari, yanastahili kutazamwa moja moja. Hamtajii ukubwa unaokuja. Anamkumbusha anayoyafanya siku zote: anaunga udugu, anawabebea wanyonge mizigo yao, anamkirimu mgeni, anamsaidia aliyepatwa na shida. Mtu wa namna hiyo, anasema, Mwenyezi Mungu hamfedhehi. Ushahidi wake wote umetoka nyumbani na mtaani, katika mambo aliyoyaona kwa macho yake kwa miaka ya ndoa.

Waandishi wa fantasia wangefaidika sana hapo. Shujaa anayetetemeka haamini utabiri, kwa sababu utabiri unamzungumzia mtu ambaye hajawa. Akikumbushwa aliyoyatenda wakati hakuna aliyemtazama, anaambiwa jambo analolijua kuwa kweli.

Utabiri una kasoro nyingine: humfanya mteule aamini ni yeye tu. Asipokwenda yeye, ulimwengu umekwisha. Hakuna maneno yanayombana mtu kuliko hayo, kwa kuwa yanafanya kila saa ya kupumua iwe kosa. J.K. Rowling aliliona tatizo hilo. Katika kitabu cha tano cha Harry Potter, cha mwaka 2003, Harry anaelezwa kwamba utabiri uliosemwa kabla hajazaliwa ungeweza kumhusu mtoto mwingine, Neville Longbottom, aliyezaliwa pia mwishoni mwa Julai. Ni adui, Voldemort, aliyemchagua Harry kwa kumshambulia yeye. Katika kitabu cha sita, mwalimu mkuu Dumbledore anajitahidi kumwonyesha kijana kwamba utabiri haumlazimishi kitu, na kwamba hata usingalikuwapo angeondoka kumkabili aliyewaua wazazi wake. Tofauti anayoisisitiza, kati ya kuburutwa uwanjani na kuingia mwenyewe kichwa juu, ni moyo wa jambo lote.

Lakini Dumbledore huyo huyo alimficha Harry jambo kubwa kuliko yote, kwamba ili Voldemort ashindwe, Harry mwenyewe sharti akubali kufa. Harry analigundua usiku wa mwisho, katika kumbukumbu za mtu mwingine. Anaingia msituni kwa miguu yake, na ni sura nzuri mno. Hata hivyo hiari iliyopewa nusu ya habari ina dosari, na riwaya yenyewe inalijua hilo: mwalimu Snape, alipoambiwa mpango huo, alilalamika kwamba mtoto amelelewa kama mnyama wa kuchinjwa.

Kitabu cha Esta kinakwenda kinyume kabisa na mtindo wa “ni wewe tu”. Mordekai, ndugu yake aliyemlea, anamtaka Malkia Esta aende kwa mfalme kuwaombea Wayahudi waliopangiwa kuuawa, na kuingia bila kuitwa adhabu yake ni kifo. Mordekai anamwambia kwamba akinyamaza, wokovu utawatokea Wayahudi kutoka mahali pengine. Hoja hiyo haikosi makali, kwa sababu anaongeza kwamba Esta na mlango wa baba yake wataangamia. Lakini kiini chake ni kigeni kwa masikio yaliyozoea utabiri: kazi itafanyika, ukiwapo na usipokuwapo. Kinachobaki kuulizwa ni kwa nini uko ulipo, wakati huu. Esta anachukua muda wa siku tatu, anadai Wayahudi wote wa Shushani wafunge pamoja naye, kisha anasema liwalo na liwe. Aliyetumwa naye akawatuma waliomtuma, na haki ilikuwa yake.

Pana fundo moja ambalo halifunguki kirahisi. Katika Bhagavad Gita, yenye beti 700 ndani ya sura 18, Arjuna anamwomba mwendesha gari lake, Krishna, alisimamishe kati ya majeshi mawili. Ng'ambo anamwona Bhishma aliye babu yake, Drona aliyemfundisha upinde, na binamu zake. Mikono inatetemeka, upinde unamponyoka, anakaa chini garini na kusema hapigani. Krishna anampa hoja za kila aina: roho haifi, mpiganaji ana wajibu wake, watu watamwita mwoga, atende bila kung'ang'ania matunda ya tendo. Katika sura ya 11 anamfunulia umbo lake la kutisha na kumwambia kwamba maadui hao wamekwisha kuuawa. Arjuna awe chombo tu. Ikiwa ni hivyo, ndiyo yake ina kazi gani?

Halafu, karibu na mwisho kabisa, Krishna anamwambia alitafakari lote alilosikia, kisha afanye apendavyo. Maneno haya yamekuja baada ya ufunuo ambao ungemponda mtu yeyote, na mkosoaji ana haki ya kuuliza hiari hiyo ina uzito gani. Bado kusemwa kwake kuna maana. Huenda mwisho wa vita umeandikwa. Kitakachokuwa moyoni mwa Arjuna anapoinua upinde hakijaandikwa, na Krishna anaonekana kukijali hicho kiasi cha kungoja jibu.

Tolkien, aliyekuwa Mkatoliki wa dhati, alishikilia pande zote mbili vilevile. Gandalf, yule mchawi wa baraza, anamwambia Frodo kuwa Bilbo, aliyekuwa na Pete kabla yake, alikusudiwa kuipata, na si na aliyeifua. Lakini hamsukumi. Katika mazungumzo yao ya Aprili, miezi kabla ya baraza, Frodo anatamani mambo haya yasingetokea zama zake, na Gandalf anakiri kwamba kila aishiye katika nyakati kama hizo hutamani hivyo. Frodo anajaribu kumpa yeye Pete. Gandalf anaruka kwa hofu: huruma yake mwenyewe ingekuwa mlango wa maovu. Ni mwenye nguvu anayeonyesha udhaifu wake mbele ya mnyonge, na hilo linamshawishi Frodo kuliko amri. Anaondoka Septemba, siku moja baada ya kutimiza miaka 50. Miezi yote hiyo alikuwa anauza nyumba, anajikokota. Tolkien hakuikata miezi hiyo, na alifanya vyema, kwani ndiyo ya kweli huchukua muda.

Ndivyo pia katika kuwachagua wenzake. Sam, mtunza bustani, alikuwa amejificha pembeni mwa baraza bila kualikwa. Anaruka juu Frodo anapojitolea, na Elrond anampa ruhusa ya kwenda. Msafara unapoondoka, Elrond anamwekea sharti mbeba Pete peke yake, wengine hawaapishi. Gimli, mmoja wa wasafiri hao, analalamika kwamba asiye mwaminifu ni yule anayeaga njia ikiingia giza. Elrond anamjibu kwamba asiapie kutembea gizani mtu ambaye hajauona usiku.

Huenda ni Vita ya Kwanza ya Dunia iliyomfundisha Tolkien tahadhari hiyo. Alimaliza masomo Oxford mwaka 1915, akajiunga na jeshi, akapigana Somme mwaka 1916 hadi homa ya mahandaki, iletwayo na chawa, ilipomrudisha Uingereza. Kufikia mwaka 1918 marafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Januari 1916 Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Na katika vita hiyo hiyo, huku Afrika Mashariki, wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini bila kuulizwa lolote.

Mwisho wa Frodo ndipo hoja ya Tolkien inapokuwa nzito zaidi. Ukingoni mwa moto Frodo anashindwa. Anaivaa Pete na kusema ni yake. Inaharibiwa kwa sababu Gollum, ambaye Frodo alimhurumia akamwachia uhai, anaing'oa pamoja na kidole na kuanguka nayo. Wasomaji walimwandikia Tolkien wakilalamika. Katika barua ya mwaka 1963 alijibu kuwa hakuona hapo kosa la kimaadili: akili na nia ya Frodo vilivunjika chini ya mzigo, kama ambavyo mwili ungevunjika ukiangukiwa na jabali. Kisha akamrudisha nyumbani asipone. Kila tarehe 6 Oktoba, siku aliyochomwa kisu, Frodo anaugua. Kwa hiyo anayemwomba mtu abebe mzigo wa namna hiyo anaingia deni. Anadaiwa kumwambia ukweli wote mapema, kumpa mwenza, kumwachia mlango wazi, na kumtunza akirudi amevunjika. Hadithi nyingi za mteule hulipa deni hilo kwa taji, na taji halimtibu mtu.

Fasihi ya Kiswahili ina mteule wake aliyesukumwa, na kisa chake ni kigumu kuliko cha Frodo. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, Ebrahim Hussein anamchukua mtu wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, na kumfanya kiumbe wa sanaa. Pepo Hongo anamvuta majini, anatoka na maji ya kinga na neno la umoja. Watu walikuwa wamechoka na kazi za kulazimishwa katika mashamba ya pamba ya Wajerumani, na neno hilo linawapa nguvu waliyoikosa. Lakini Kinjeketile akikaa na maneno yaliyomtoka anaona shaka: kwa nini alisema watakuwa watu wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, kana kwamba wanatolewa kwa bwana mmoja wapewe mwingine? Anataka wasubiri. Hawawezi tena. Neno limemzidi aliyelitamka, na kila anaposita, wengine wanasikia hekima ya nabii. Hongo alimchukua bila kumuuliza, na watu hawakumuuliza. Hakuna Elrond katika tamthilia hii.

Kitunda, aliyewafunza wapiganaji, ndiye mtu pekee anayezungumza naye kama binadamu mwenzake. Katika historia Kinjeketile alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Viliendelea hadi 1907 na kuua watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa. Hussein anamwacha aishi hadi aione hasara. Gerezani anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, na Kitunda, aliyeona wenzake wakianguka kwa risasi, naye anamsihi akiri. Hatimaye Kinjeketile ameulizwa kitu ambacho anaweza kukijibu mwenyewe. Anakataa, kwa hoja: akikana, watawala watawaambia watoto wa waliopigana kwamba baba zao walikosea kupigana. Kitunda haridhiki, na ana sababu, kwa kuwa waliokufa waliamini maji. Hussein hamwamulii mtazamaji kati yao.